Sanaa za Majira ya Machipuko katika Kampasi ya Chuo Kikuu cha Chicago: Mwongozo Kamili kwa Mgeni na Mwanafunzi

Mgeni anayefika Chicago mwezi wa Aprili na kuuliza tamasha la machipuko la chuo litakuwa lini huwa ameuliza swali lisilo na jibu. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoko mtaa wa Hyde Park upande wa kusini wa jiji, hakuna siku moja ambayo watu wote hukusanyika na kusema sasa sanaa zimeanza. Kilichopo ni mfululizo wa shughuli ndogo ndogo, nyingi zikiwa za bure, zinazotapakaa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Juni katika makumbusho, kumbi, mnara wa kengele, nyua na bustani. Anayesubiri tukio kubwa huondoka bila kuona kitu, ilhali anayejua mwendo wa chuo wiki kwa wiki huweza kuona mengi akiwa na nauli ya basi tu mfukoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyewasili karibuni, kwa mzazi au ndugu aliyekuja kwa mahafali, na kwa mpita njia mwenye siku mbili tatu za kukaa mjini.

Hatua ya kwanza: fuata kalenda ya muhula, si ya mwezi

Chuo hiki huugawa mwaka katika robo nne, yaani ya vuli, ya baridi, ya machipuko na ya kiangazi. Robo ya machipuko huanza katika siku za mwisho za Machi, huwa na takriban wiki tisa za masomo, na hufungwa kwa mitihani na mahafali mwanzoni mwa Juni. Wanafunzi wenyewe hawasemi "tarehe kumi na mbili Mei". Husema "wiki ya saba", na matangazo mengi ya michezo na maonyesho huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kuchukua karatasi, kuandika tarehe ya Jumatatu ya wiki ya kwanza ya masomo, kisha kuhesabu hadi ya tisa.

Ukishakuwa na hesabu hiyo, mambo mengi hujieleza. Wiki mbili za mwanzo huwa kimya upande wa majukwaa, kwa sababu vikundi vya wanafunzi ndiyo kwanza vinaanza mazoezi, na hapo ndipo pafaapo kutembelea makumbusho bila msongamano. Kuanzia wiki ya tatu mihadhara, usomaji wa mashairi na filamu huwa vimekwisha kushika kasi. Wiki ya sita hadi ya tisa ndiyo mavuno: okestra na kwaya hutoa kazi zilizofanyiwa mazoezi muhula mzima, tamthilia za wanafunzi hupanda jukwaani, na wanaomaliza shahada ya uzamili katika sanaa za kuonekana hutundika kazi zao za mwisho. Baada ya hapo huja mitihani, na kampasi hunyamaza ghafla kama darasa lililoingiliwa na mwalimu mkuu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku za safari, njoo katikati ya Mei; ukilazimika kuja Aprili, weka uzito kwenye makumbusho, kengele na maua.

Nitaje pia, ingawa si sanaa kwa maana ya kawaida, yale mashindano ya kusaka vitu ambayo wanafunzi huyafanya kila Mei tangu mwaka 1987. Timu hupewa orodha ya mamia ya vitu vya kutafuta, kutengeneza au kuigiza, vingi vikiwa vya kipuuzi kwa makusudi, na kwa siku chache utawaona watu wazima wakivuka uwanja wakiwa wamevaa mavazi yasiyoelezeka. Mwaka 1999 timu moja ilitakiwa kutengeneza kinu cha nyuklia, nayo ikatengeneza kidogo kilichofanya kazi kweli. Ukikutana na mambo ya namna hiyo usiulize sana. Simama pembeni utazame.

Hatua ya pili: soma saa kama wenyeji wanavyozisoma

Hili linaonekana dogo, lakini limenigharimu onyesho zima. Mara yangu ya kwanza nilisoma tangazo lililoandikwa 6:00, akili ikalitafsiri yenyewe kuwa saa sita, nikajipanga nikafika mchana kweupe. Mlango ulikuwa umefungwa, na bawabu akaniambia kwa upole nirudi jioni. Kwa saa zetu ile 6:00 ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na wakati huo mimi nilikwishaahidi kuwa kwingine. Tangu siku hiyo kila tangazo naliandika upya kwa saa za Kiswahili pembeni ya daftari, hata lile ninaloamini nimelielewa.

Kuna mambo mengine mawili yanayohusu saa. La kwanza ni kwamba tamthilia na konsati huanza kwa wakati uliotangazwa, na anayechelewa anaweza kusimamishwa nje ya mlango hadi ifike nafasi ya kumwingiza bila kuwasumbua wengine. Fika dakika kumi na tano kabla. La pili ni kwamba siku za machipuko katika latitudo ile hurefuka upesi sana kwa mtu aliyezoea jua la ikweta. Mwanzoni mwa Aprili jua huzama baada ya saa moja jioni, na kufikia mwisho wa Mei huwa halijazama hadi saa mbili na robo usiku. Maana yake ni kwamba unaweza kuzunguka nje kwa muda mrefu, ukala chakula cha jioni, na bado ukaingia ukumbini kukiwa na mwanga.

Hatua ya tatu: jua namna ya kufika na namna ya kuvaa

Kutoka katikati ya jiji zipo njia tatu zinazotumika zaidi. Treni ya Metra inayoanzia kituo cha Millennium hukimbia sambamba na ziwa na kusimama katika vituo viwili vya karibu, kimoja kikihudumia barabara za 55, 56 na 57, na kingine kikiwa barabara ya 59 chenye jina la chuo. Basi namba 6 la CTA, yaani shirika la usafiri la jiji, hufuata barabara ya kando ya ziwa, na ukikaa upande wa kushoto wakati wa kwenda utayaona maji kwa sehemu kubwa ya safari. Njia ya tatu ni kupanda treni ya CTA ya njia nyekundu au ya kijani, kushuka Garfield, kisha kuchukua basi namba 55 kuelekea mashariki. Kumbuka kwamba Metra na CTA ni huduma mbili tofauti, hivyo tiketi ya siku ya CTA haikuruhusu kupanda Metra.

Kampasi yenyewe ni rahisi kuielewa ukishaukamata uti wa mgongo wake, yaani ukanda mrefu wa majani unaoitwa Midway Plaisance, ulio kati ya barabara ya 59 na ya 60. Ukanda huo ni masalia ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1893, na hapo ndipo lilipojengwa gurudumu la kwanza la Ferris, lile kubwa la kuwazungusha watu juu kwa burudani. Kaskazini mwake ziko nyua za kale za mawe ya kijivu, pamoja na makumbusho na kumbi nyingi. Kusini mwake kuna Kituo cha Sanaa cha Logan. Kutoka Logan hadi barabara ya 57 ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na tano hivi, kwa hiyo usipange matukio mawili yanayofuatana moja kwa moja katika pande mbili za ukanda huo.

Kuhusu mavazi, wenyeji wana msemo katika utabiri wao wa hali ya hewa kwamba karibu na ziwa ni baridi zaidi, na Hyde Park iko karibu na ziwa. Maji ya Ziwa Michigan huwa bado yanashikilia baridi ya miezi iliyopita, na upepo ukigeuka kutoka huko nyuzi kadhaa za joto hupotea ndani ya saa moja. Aprili livae koti hata jua likiwaka. Mei libebe mkononi.

Hatua ya nne: anza na kengele

Kama ningeruhusiwa kumpeleka mgeni mahali pamoja tu, ningempeleka kwenye majani ya Midway, mbele ya kanisa la Rockefeller, wakati kengele zinapigwa. Kanisa hilo lilizinduliwa mwaka 1928, na mnara wake una kengele 72 zilizosubuiwa Croydon nchini Uingereza na kuzinduliwa mwaka 1932 kwa kumbukumbu ya Laura Spelman Rockefeller, mama yake John D. Rockefeller mdogo aliyezitoa. Kengele kubwa kuliko zote ina uzito wa zaidi ya tani 18, na zote kwa pamoja hukaribia tani 100. Seti kubwa kuliko hii iko New York, katika kanisa la Riverside, nayo ilitolewa na mtu huyo huyo kwa kumbukumbu ya mama huyo huyo.

Wengi hudhani kwamba juu kuna mtu anayevuta kamba, au kwamba kuna mashine. Ukweli ni kwamba mpigaji hukaa kwenye benchi mbele ya safu mbili za vijiti vya mbao vilivyopangwa mithili ya vibonyezo vya kinanda, ila vikubwa kama mipini ya mwiko wa ugali. Havibonyezi kwa vidole; huvisukuma chini kwa ngumi iliyolegezwa, huku miguu ikikanyaga vijiti vingine vya kengele nzito. Kila kijiti kimeunganishwa kwa waya na ulimi wa kengele yake, na ulimi huo ndio unaosogea, kwani kengele zenyewe zimefungwa imara na haziyumbi. Kwa sababu hiyo mpigaji hodari anaweza kupiga noti kwa wororo kabisa na kisha akazipandisha mpaka mawe yakatetemeka, na ukimwona akifanya kazi hiyo utamwona anatoka jasho.

Ratiba ya upigaji hubadilika muhula hadi muhula, kwa hiyo itazame kwanza katika matangazo ya kanisa. Zipo nyakati ambapo wageni huruhusiwa kupanda mnara wakiongozwa. Ngazi ni 271, nyembamba na zinazozunguka, na mwenye goti bovu asijidanganye. Anayebaki chini naye asisimame chini ya mnara, kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya, kwa sababu hapo sauti hupita juu ya kichwa na zile noti huingiliana. Vuka barabara, tembea hatua mia moja au mia mbili hadi katikati ya majani, ukae. Umbali huo ndio unaoziacha kengele zipangane kabla hazijakufikia.

Hatua ya tano: yape makumbusho asubuhi zako

Makumbusho matatu ya chuo yaliyo muhimu kwa mgeni hayatozi kiingilio cha lazima, ingawa huenda ukaombwa mchango wa hiari. Mengi hufungwa Jumatatu, na hata siku nyingine hakikisha saa za kufunguliwa kabla hujatoka.

Kubwa kwa historia ni makumbusho ya taasisi iliyoanzishwa mwaka 1919 na mtaalamu wa Misri ya kale, James Henry Breasted, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Tamaduni za Kale. Watu huja kumwona fahali mwenye mabawa na kichwa cha binadamu aliyetoka katika jumba la mfalme Sargon wa Pili wa Ashuru huko Khorsabad, Iraki ya leo, mwenye kimo kinachokaribia mita tano na uzito wa takriban tani 40. Msogelee kwa mbele uhesabu miguu, kisha zunguka ubavuni uhesabu tena: mchongaji alimpa miguu mitano, ili anayemwona kwa mbele amwone amesimama wima na anayemwona kwa ubavu amwone anatembea. Mbali naye kuna sanamu ya Tutankhamun yenye urefu wa zaidi ya mita tano.

Lakini kwa maoni yangu msomaji wa Afrika Mashariki asiishie kwa majitu hayo. Apite moja kwa moja hadi chumba cha Nubia, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Sudan na kusini mwa Misri. Katika miaka ya 1960, wakati bwawa la Aswan lilipokuwa linajengwa na maji yakitarajiwa kufunika makaburi na miji ya kale, wachimbaji kutoka Chicago walifanya kazi ya kuokoa vitu huko Qustul. Miongoni mwa walivyovipata ni chetezo cha jiwe chenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Ni kitu kifupi cha duara ambacho ungeweza kukikumbatia kwa viganja viwili, na mzunguko wake umechongwa msafara wa mashua, na ndani ya mashua moja ameketi mtu mwenye taji refu kama lile la mafarao. Wataalamu wamebishana kwa miongo kadhaa iwapo picha hiyo inaonyesha kwamba ufalme wa namna ya kifarao ulikuwapo Nubia mapema kiasi hicho. Huhitaji kuwa mwanaakiolojia ili kusimama mbele yake dakika kumi. Mtu aliyekulia nyumba yenye udi na chetezo hukitambua mara moja kabla hata ya kusoma kibao.

Jumba la pili liko ghorofa ya nne ya Cobb Hall, jengo la kale kuliko yote ya kampasi, na linaitwa Renaissance Society. Jina lisikudanganye, maana hutaona humo mchoro hata mmoja wa Italia ya kale. Tangu mwaka 1915 limekuwa likionyesha sanaa ya wakati uliopo, halikusanyi wala kumiliki kazi, na kwa kawaida huwa na onyesho moja tu kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 1930 lilionyesha kazi za mchongaji Alexander Calder, miaka mingi kabla dunia haijamzoea. Ukifika ukakuta chumba kina vitu vitatu tu sakafuni, usidhani umefika kabla ya kazi kupangwa. Muulize mhudumu, kwani wengi wao ni watu waliosoma onyesho lile na wanafurahi kuulizwa. Kama huku umeelewa kidogo na huku umekasirika kidogo, basi umeliona onyesho ipasavyo.

La tatu ni Makumbusho ya Smart, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kaskazini mwa kampasi, yenye mchanganyiko wa sanaa za Asia, Ulaya na Marekani. Huhitaji zaidi ya saa moja hapo, na ua wake ni mahali pazuri pa kupumzisha miguu.

Hatua ya sita: panga jioni kwa kuchanganya wataalamu na wanafunzi

Jirani kabisa na Smart kuna Jumba la Tamthilia la Court, lililoanza mwaka 1955 kwa michezo ya nje katika ua wa chuo na kuhamia jengo lake la sasa mwaka 1981. Ni jumba la waigizaji wa kulipwa, lina viti 251 tu, na mwaka 2022 lilipewa Tony, tuzo kubwa ya tamthilia nchini Marekani, ile inayotolewa kwa majumba ya tamthilia ya mikoani. Kwa kuwa viti ni vichache, nunua tiketi mapema, na kama una kitambulisho cha mwanafunzi kitaje kabla ya kulipa. Hakuna kiti kibaya mle. Aliyeketi nyuma bado huona jasho la mwigizaji.

Upande wa filamu, nenda Ida Noyes Hall katika barabara ya 59, nyumbani kwa Doc Films, chama cha filamu kinachoendeshwa na wanafunzi, ambacho kilisajiliwa mwaka 1940 na mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1932. Katika muhula huonyesha filamu karibu kila usiku, na kila siku ya wiki huwa na mfululizo wake, labda wa mwongozaji mmoja, labda wa nchi moja. Chukua ratiba ya karatasi ukiikuta, kwa sababu imeandikwa na wanafunzi wenyewe kwa maneno yenye upendeleo na utani, na ndiyo kumbukumbu rahisi ya kubeba nyumbani.

Muziki mkubwa hupigwa katika Ukumbi wa Mandel, ulioko kona ya barabara ya 57 na University tangu mwaka 1903, na pia katika Kituo cha Logan. Logan ilifunguliwa mwaka 2012 kwa usanifu wa Tod Williams na Billie Tsien, hao hao waliosanifu kituo cha Rais Obama katika bustani ya Jackson hapo karibu. Ukumbi wake mkuu una viti 474, lakini ukisikia kuna shughuli katika chumba cha ghorofa ya tisa, panda huko hata kama hujui nani anapiga. Madirisha yanatazama kampasi yote na majengo marefu ya katikati ya jiji kwa mbali, na wakati wa machipuko konsati inaweza kuanza kukiwa na mwanga na kumalizika taa za mji zikiwa zimewaka. Humo humo Logan ndimo huonyeshwa kazi za wanaohitimu sanaa, na mgahawa wa chini ni mahali ambapo utasikia matukio ambayo hayakutangazwa popote.

Je, maonyesho ya wanafunzi yafaa kupotezewa jioni? Nasema ndiyo, kwa masharti. Okestra ya chuo, kwaya na kikundi cha muziki wa Mashariki ya Kati, ambamo utasikia udi na kanuni kama zile za taarabu, huwa na viwango vya kuaminika kwa kuwa wanaongozwa na walimu. Tamthilia za wanafunzi hupanda na kushuka. Kaa karibu na njia, uvumilie hadi mapumziko, kisha uamue bila aibu. Vichekesho vya papo kwa papo visikose katika ratiba yako, kwa sababu sanaa hiyo ina undugu na mtaa huu: kikundi cha Compass, kilichoweka msingi wa vichekesho vya namna hiyo nchini Marekani, kilianza mwaka 1955 katika baa moja ya barabara ya 55, na kundi la wanafunzi la Off-Off Campus limekuwa likiendeleza mwenge huo tangu mwaka 1986.

Adabu za ukumbini ni chache. Simu izimwe, si kupunguzwa sauti tu. Katika muziki wa okestra usipige makofi katikati ya sehemu za kazi moja, bali subiri kiongozi ageuke. Na ukipata kikohozi, toka nje bila kuona haya. Onyesho likiisha usiku, tembea na wenzako kwenye barabara kuu zenye taa, na fahamu kwamba zile nguzo zenye taa ya buluu zina simu ya dharura ya kuwaita walinzi wa chuo.

Hatua ya saba: tembea nje siku ya jua

Chagua siku moja isiyo na upepo, uanzie barabara ya Ellis kati ya 56 na 57, penye sanamu ya shaba ya Henry Moore iliyozinduliwa tarehe 2 Desemba 1967. Siku kama hiyo mwaka 1942, hapo hapo chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa zamani, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko wa kwanza wa mnyororo wa nyuklia uliodhibitiwa. Sanamu inaonekana kama fuvu ukisimama upande mmoja, na kama wingu ukisimama upande mwingine, kwa hiyo izunguke.

Kutoka hapo elekea mashariki kwa barabara ya 57 hadi Woodlawn, ukate kulia. Utakutana na Nyumba ya Robie ya Frank Lloyd Wright, iliyokamilika mwaka 1910 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019. Kuingia ndani kunahitaji tiketi ya saa maalumu, lakini nje ni bure, na somo lenyewe liko nje: tazama matofali, uone jinsi chokaa ya mistari ya kulala ilivyoachwa ionekane huku ile ya kusimama ikipakwa rangi ya tofali, ili jicho lisione ila mistari mirefu inayolala kama upeo wa macho. Karibu nayo kuna duka la vitabu la Seminary Co-op, lililoanzishwa mwaka 1961, ambalo huandaa mazungumzo ya waandishi. Mara nyingi ni bure, ila viti hujaa.

Mwisho wa magharibi wa Midway kuna Chemchemi ya Wakati ya Lorado Taft, iliyozinduliwa mwaka 1922, yenye msafara wa watu takriban mia moja wa zege wakipita mbele ya mzee mwenye joho anayewatazama. Ukitoka hapo uko hatua chache tu kutoka makumbusho ya DuSable ya historia ya watu weusi, yaliyoasisiwa mwaka 1961 na Margaret Burroughs na wenzake nyumbani kwake, na yaliyomo ndani ya bustani ya Washington tangu mwaka 1973. Yana jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu, ukiacha wenyeji wa asili, wa mahali palipogeuka Chicago. Yatengee nusu siku nzima. Kuyachomeka mwishoni mwa matembezi ni kuyadhulumu.

Upande wa mashariki, katika bustani ya Jackson, kuna micheri ya Kijapani karibu na Bustani ya Finiksi, mahali palipojengwa banda la Japani kwa maonyesho yale ya 1893. Mwaka 2013 ilipandwa miti 120 kuadhimisha miaka 120 tangu maonyesho hayo, na karibu yake kuna petali 12 za chuma za Yoko Ono zilizosimikwa mwaka 2016. Maua kwa kawaida hufunguka kati ya nusu ya pili ya Aprili na siku za mwanzo za Mei, na hayadumu zaidi ya wiki moja au mbili. Mvua moja yenye upepo huyamaliza. Usinunue tiketi ya ndege kwa ajili yake, lakini ukiwa mjini na ukasikia yamefunguka, ahirisha makumbusho uende asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya nane: malizia barabara ya 57

Kama safari yako inafika wikendi ya kwanza ya Juni, malizia kwa Maonyesho ya Sanaa ya Barabara ya 57, yanayofanyika tangu mwaka 1948. Barabara hufungwa magari, na wachoraji, wafinyanzi, wafumaji na wapiga picha waliochaguliwa na jopo huweka mabanda na kuuza kazi zao wenyewe. Hakuna kiingilio. Fika asubuhi, zunguka mara ya kwanza bila kununua, andika namba za mabanda yaliyokuvutia, kisha rudi. Aliyesimama bandani ndiye aliyeifanya kazi, hivyo muulize udongo umetoka wapi na tanuri lilikuwa na joto gani. Atakueleza kwa furaha kuliko ukianza na bei. Kwa anayesafiri mbali, chapa za karatasi zinazokunjwa ndani ya mrija wa kadibodi hufaa kuliko vyungu, na ikiwa moyo umeshikwa na chungu, omba kifungwe hapo hapo bandani na ukibebe mkononi ndani ya ndege.